Nafasi Kando ya Jina la Colm

Sidonie alimwambia mchumba wake Colm neno moja tu: wazee wa kwetu watataka kujua watu wako. Angelijua balaa litakalofuata, angelieleza zaidi. Colm Verdier, mtu wa Cork, Ireland, mwenye jina la Kifaransa, alilipokea neno hilo kama aliyekabidhiwa kazi ya serikali. Mwaka ule wa 2011 hawakutoka tena pamoja Jumamosi. Ilikuwa ni yeye na kompyuta, yeye na rekodi za ubatizo, yeye na makarani wa makanisa wasiojibu barua.

Sidonie alikuwa muuguzi katika hospitali ya mtaa wa Woluwe, na kila alipotoka zamu alikuta maiti mwingine amefufuliwa mezani. Leo babu muuza kofia, kesho baba wa babu huyo. Mwishowe akapatikana aliyekuwa akitafutwa: Isaac, mfuma hariri, mmoja wa wale Waprotestanti wa Ufaransa walioitwa Wahugenoti, waliokimbia mfalme alipopiga marufuku dini yao. Isaac alipitia Uholanzi akaishia Ireland. Ndugu yake Pierre aligeuka Mkatoliki, akabaki na nyumba.

"Hawakuandikiana tena mpaka kufa," Colm alisema, akimeremeta kwa furaha.

Sidonie alitazama chini kabisa ya karatasi, penye jina la Colm. Kando yake palikuwa na nafasi tupu.

"Na Donal?"

Colm aliikunja karatasi. Hakuwa amesema na kaka yake tangu walipomzika mama yao na kugombania nyumba yake. Sidonie hakuendelea kuuliza, na kunyamaza kwake kukamponza.

Siku ya kujitambulisha walikwenda mtaa wa Koekelberg, kwa papa Mukendi, baba mkubwa wa Sidonie aliyemlea. Wazee walikaa upande mmoja wa sebule. Upande wa pili viti vya wageni vilipangwa mstari mzima, na Colm akakalia kimoja. Alikuja peke yake, na karatasi yake. Kwao Sidonie, Katanga, siku hiyo bwana harusi hasemi, anasemewa na watu wake. Sidonie aliyajua hayo tangu utotoni, na haikumpitikia kwamba yupo mtu mzima asiyeyajua.

Colm akasimama, akasoma kwa Kifaransa, kuanzia Isaac hadi yeye mwenyewe. Wazee walisikiliza kwa adabu. Mmoja alisinzia kwenye wauza kofia.

"Bon, mwana yangu, ni muzuri sana," papa Mukendi alisema, na Sidonie akawa anatafsiri. "Alors, hawa bote balikufa?"

"Wote, papa."

"Donc siku utagombana na mutoto yangu, nitaita nani? Huyu Isaac? Hauna ata muntu mumoja muzima?"

"Sina," Colm akajibu.

Sidonie aliona aibu, kisha hasira.

"Iko na kaka yake, papa," alisema, ingawa hakutakiwa kusema lolote.

Papa Mukendi hakupandisha sauti, akavionyesha vile viti vitupu. "Basi, biti bitangoja. Bila muntu, hakuna mariage." Akaagiza chakula kiletwe, maana wageni ni wageni.

Colm alitoka hadi kwenye ngazi, uso mwekundu. Sidonie akamfuata, akavuta mlango nyuma yake.

"Mimi siolewi na Isaac," alimwambia. "Mpigie sasa hivi, au nirudi ndani niwaambie wazee wamalize kula, waende zao."

Namba Colm alikuwa nayo, hakuwahi kuifuta. Simu iliita mpaka Sidonie akakata tamaa, kisha sauti nzito ikaitika.

"Donal, ni mimi."

Sidonie alisikia televisheni ya nyumba ya mbali ikizimwa.

"Nani amekufa?" Donal akauliza.

Colm akakaa kwenye ngazi, na karatasi ya ukoo ikamtoka mkononi, asiiokote.

"Hakuna," alisema mwishowe. "Naoa. Wameniuliza watu wangu, nikasema sina."