Mteja wa Kiti cha Dirishani

Mume wangu ni fundi cherehani. Siku alipoanza kumpima mtu ambaye hayupo, nilikuwa napiga pasi hatua mbili tu kutoka pale. Futi shingoni, chaki mkononi, anaibembeleza hewa inyanyue mkono kidogo. Akaandika daftarini: kifua, inchi arobaini na nne. Mtu hayupo, halafu mnene.

Nikakimbilia chumba cha nyuma kwa mama mkwe, nikamwambia mwanao anaumwa, tumpeleke hospitali. Akanikata jicho. Akasema kwao ugonjwa huo haupo, mwanawe kachoka tu, na kama nataka mtaa mzima umwite chizi, basi nimpeleke mchana kweupe. Wifi yangu naye akadakia, eti tungoje kwanza wateja wapungue. Wapungue! Wakati wateja wa aina hiyo, wasiokuwepo, ndio walikuwa wanaongezeka.

Basi tukaficha, na tulivyoficha, we acha tu. Mteja wa kweli akitaka kukaa kiti cha dirishani, wifi anamuwahi: hapo pana mtu. Mama mkwe akawa anakisalimia kile kiti kila asubuhi. Mimi nikawa nakipelekea chai, kikombe kinarudi kimejaa, naenda kumwaga uani huku natukana moyoni. Mwezi haujaisha, mtaa ulishazoea. Muuza magazeti jirani yetu alipanga foleni nyuma ya mtu asiyekuwepo, kisha akanilalamikia kwamba yule jamaa anachelewesha wenzake.

Suti tano zikaning'inia ukutani, zote kifua arobaini na nne. Mume wangu hali, halali, mashavu yamebonyea, nami nawaambia watu anajinyima apunguze mwili. Mwili gani jamani? Nilikuwa na hasira na kila mtu mle ndani, na zaidi na mimi mwenyewe.

Jumatatu asubuhi akasimamisha cherehani, akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. Kumbe alishakwenda zahanati peke yake, kimyakimya, akapangiwa kumwona daktari wa akili siku hiyohiyo, saa nne. 

"Mke wangu, niambie ukweli. Huyu wa dirishani, na wewe unamwona?"

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, amenikazia macho. Neno hapana lilishafika mdomoni, Mungu shahidi yangu. Lakini nikaiona aibu itakayompata akijua kwamba mwezi mzima tulikuwa tunamwigizia. Nikamwonea huruma.

"Namwona," nikasema.

Akashusha pumzi ndefu, akacheka. Sikuwa nimemwona akicheka tangu mambo haya yaanze.

"Afadhali. Nilishaanza kudhani naumwa."

Akaitandaza ile karatasi ya zahanati mezani, akaichora kwa chaki, akaikata kuwa kipimo cha kola. Saa nne ilipofika alikuwa anashona suti ya sita. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha chai, na nikakipeleka dirishani.