Mkono wa Kushoto Unachelewa

Jotham alikuwa ameshashusha ngoma tatu na sasa alikuwa katikati ya ngazi na ya nne, ile kubwa ya kupigwa kwa mguu, ameikumbatia kama mtu anayehamisha friji. Ilikuwa Jumamosi ya Februari 2016, saa tisa alasiri. Nje, theluji ya wiki mbili ilikuwa imelundikwa kando ya barabara ya University na imeshageuka rangi ya majivu. Ildephonse aliuzuia mlango kwa kisigino, maana mikono yote miwili ilikuwa na matoazi.

"Polepole na ukuta, ndugu yangu. Mwenye nyumba ameshatuandikia barua mbili."

"Ya tatu mtajibu wenyewe," Jotham alisema. "Mimi kesho niko Sioux Falls, kiwanda cha nyama. Huko majirani wangu ni ng'ombe, na ng'ombe hawa-complain mara mbili."

Jotham alikuwa Mkenya, na kwa miaka mitatu ndiye aliyekuwa mpiga ngoma pekee wa kwaya ya Wakongo hapo Frogtown, mtaa wa Saint Paul, Marekani. Hakuondoka bila kuwaachia kitu. Kwenye laptopu ya Héritière aliweka programu ya ngoma: unabofya vijumba kwenye kioo kupanga mapigo, na kompyuta inapiga seti nzima. Ukivaa hedifoni, jirani hasikii hata punje.

"Hii haichoki, haiombi lifti, haina girlfriend," alisema akifunga buti la gari.

"Na inapiga kama nani?" Perpétue alimuuliza kutoka mlangoni, amejifunga kitenge juu ya koti.

"Kama karani, Mama."

Akapiga honi mara moja, akaenda. Walimpungia mkono mpaka gari likakata kona, kisha wakapanda juu kumjaribu karani.

Walikuwa watatu katika nyumba ile ya vyumba viwili. Perpétue alikuwa mjane wa miaka hamsini na miwili, mfungaji wa vyakula kwenye kiwanda kimoja kule Savage, karibu na mto. Mikono yake ilinuka vitunguu hata Jumapili. Ildephonse, mdogo wa marehemu mumewe, alisafisha ofisi Eden Prairie na kuongoza kwaya. Héritière, binti, alikuwa na miaka ishirini na miwili na alisomea uuguzi. Alielewa Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza. Walitaka kurekodi nyimbo sita. Zote sita zilitungwa na Pacifique.

Pacifique ni mtoto wa kwanza wa Perpétue. Kwenye karatasi amekufa.

Ilikuwa hivi. Mwaka 2007 alitoka kambini Kigoma, akavuka kurudi Kongo kuangalia shamba la baba yake, na hakuonekana tena. Mwaka wa tatu watu wakamwambia mama yake kwamba kungoja namna ile si vizuri, kunazuia roho ya mtu kupumzika. Wakamlilia siku tatu, wakagawa nguo zake, wakanyoa, wakaondoa matanga. Tangu siku ile Perpétue hakuitwa tena Mama Pacifique. Aliitwa Mama Héritière. Mwezi uliofuata akaitwa kwenye mahojiano ya safari ya Marekani, akaulizwa idadi ya watoto, walio hai na waliokufa. Alinyanyua mkono, akaapa, akasema alivyojua. Mwaka 2012 walipanda ndege. Miezi miwili baadaye Pacifique aliingia kambini kwa miguu, amekonda, akakuta familia nyingine inapika ndani ya nyumba yao.

Tangu hapo Perpétue alikuwa na jambo moja tu. Alitaka faili liseme mwanawe yu hai, ili aje.

Kurekodi kulikuwa hivi. Mikrofoni waliiweka ndani ya kabati la nguo, maana makoti yanakula mwangwi. Ildephonse alikaa kitandani na gitaa. Perpétue alisimama na mwiko, akigonga kiganja kuonyesha ngoma iangukie wapi, na Héritière alibofya vijumba akimfuata. Karani alipiga. Hakukosea hata mara moja, na nyimbo zikawa kama tangazo la benki.

"Huyu hajawahi kuwa na njaa," Ildephonse alisema.

Héritière akatafuta ndani ya programu, akapata kidude cha kuzungusha. Kazi yake ni kumfanya mpigaji awahi kidogo na achelewe kidogo, kama mtu. Kilikuwa kwenye sifuri. Akakizungusha mpaka kumi na mbili, akabofya.

Kwanza ngoma ndogo iligongwa ukingoni mara tatu, mapigo ambayo hakuna aliyeyapanga. Kisha wimbo ukaanza, na kila mara mkono wa kushoto ulipotakiwa kuanguka, ulichelewa kama mtu anayesita mlangoni.

Perpétue aliweka mwiko chini.

"Nani anapiga?"

"Kompyuta, mama," Héritière alijibu kwa Kiingereza.

"Hapana. Ule mukono ulivunjika ku chukudu, ile baiskeli ya mbao. Alikuwa na miaka tisa, anateremusha makaa, chukudu ikamuangukia. Mwenye kuufunga aliufunga vibaya." Alikaribia meza, akapangusa vidole kwenye kitenge, akainamia kioo. "Pacifique. Habari ya njia?"

Ngoma ikagongwa ukingoni mara tatu.

"Njo yeye," Ildephonse alisema, akakaza uzi wa gitaa. "Basi turudilie mwanzo, mimi nilikosea."

Walirekodi mpaka saa kumi na mbili. Héritière aliweka faili mahali pake na kuliandikia tarehe.

Kesho yake, baada ya ibada, Perpétue alimpigia Pacifique simu Kigoma. Kule kulikuwa kumeshakuwa jioni.

"Mama, munanichokesha," Pacifique alisema. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyeamshwa. "Ile saa saba ya usiku nililala, lakini mikono haikulala. Inapiga mukeka. Jirani anagonga ukuta, anauliza kama nimeingia dini mupya."

"Tuache?"

"Hapana. Lakini ule wimbo wa tatu munaukimbiza. Mwambie tonton Ildephonse hatufukuzwi na mutu."

Basi ikawa hivyo kila Jumamosi, saa kumi hadi saa kumi na mbili. Kufikia mwezi wa nne, feni ya laptopu ilianza kutoa vumbi jekundu, lile la Kigoma, jembamba, linaloingia mpaka kwenye kucha. Perpétue alilifagia na kulimwaga nje, kwenye kibaraza, na ilipoanguka theluji ya mwisho likaacha doa jekundu. Aliweka pia sahani ya ugali na maharage kando ya kipanya. Chakula kilibaki vilevile, ila hakikuwa na ladha tena, na Pacifique alisema Jumapili anaamka ameshiba. Héritière alimwambia mama yake asiweke mchuzi karibu na waya.

Mwezi wa tano alikuja Margaret. Alikuwa mama wa Kimarekani kutoka ofisi inayoshughulikia mafaili ya familia za wakimbizi, ambayo Perpétue alikuwa ameiandikia barua, na alikuja Jumamosi kwa sababu siku nyingine watu wote wako kazini. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alileta keki za mraba kwenye bati lililofunikwa karatasi ya fedha. Perpétue alimpa kiti na hedifoni, na Héritière akatafsiri.

Margaret alisikiliza wimbo mzima. Alitazama vijumba kwenye kioo, ambavyo wakati huo vilikuwa vitupu, na vumbi lililotua kwenye sketi yake.

"Ndiyo," alisema. "Huyu ni yeye. Mkono wa kushoto upo kama ulivyoeleza kwenye barua yako. Mjomba wangu alikuwa anapiga ngoma kwenye harusi, hakuwa na mkono mzuri hivi." Akatoa kalamu. "Anafika saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Na kuondoka?"

"Kumi na mbili. Mara moja alibaki mpaka kumi na mbili na nusu, Ildephonse alikatikiwa na uzi."

"Akiwa hapa, ameshawahi kufanya kazi ya kulipwa?"

Perpétue alimtazama Ildephonse. Ildephonse akalitazama gitaa.

"Hajalipwa kitu," Perpétue alisema.

Margaret aliandika yote. Kisha akaeleza, polepole, kwamba kusikika kwake kunasaidia, lakini faili halifunguki kwa kusikika. Lazima Perpétue aandike kwamba alichoapa kambini hakikuwa kweli. Na akiandika hivyo, mtu mwingine katika ofisi nyingine anaweza kuuliza ni nini kingine alichoapa ambacho si kweli. Inaweza kugusa karatasi zake. Inaweza kugusa za binti.

Héritière alitafsiri mpaka hapo akaacha. Akamgeukia mama yake, na safari hii alisema kwa Kiswahili, kilichovunjikavunjika.

"Mama, usiandike. Wataturudisha. Utakuwa umepoteza wote."

"Wewe umesoma," Perpétue alisema. "Uniambie. Mimi nilidanganya?"

Héritière alipangusa vumbi kwenye meza.

"Tulimulilia siku tatu. Nguo yake ya kuimbia nilimupa mutoto wa jirani kwa mukono huu. Si uongo. Ni kilio njo kilikuwa na haraka." Akanyoosha mkono. "Nipe hiyo kalamu."

Aliandika jina lake kwa herufi kubwa, kama alivyofundishwa kwenye darasa la jioni. Ndani ya laptopu hapakuwa na wimbo uliokuwa ukiendelea, lakini ngoma kubwa ilipigwa mara moja, taratibu. Margaret alivaa viatu vyake, akasema waendelee kula keki, bati atalichukua siku nyingine.

Waliendelea kurekodi. Wimbo wa nne uliwachukua majira yote ya joto, kwa sababu Pacifique alikuwa na malaria na mkono wa kulia nao ukaanza kuchelewa. Perpétue alisema wangoje. Pacifique, kwenye simu, alisema malaria ni usingizi tu, wapige. Ildephonse alipunguza mwendo. Héritière alijifunza kukizungusha kile kidude kwa siri mpaka nane, saba, sita, ili ndugu yake apumzike kidogo na karani amsaidie, na hakumwambia mtu.

Kuanzia Januari ya 2017 safari za wakimbizi zilisimamishwa, zikafunguliwa, zikasimamishwa tena. Katikati ya hayo barua ilifika. Ilikuwa ya ukurasa mmoja, yenye lugha ya heshima. Héritière aliisoma mara mbili mwenyewe kabla ya kuifasiri. Ofisi ilimshukuru mama kwa ukweli wake, na haikukusudia kumchukulia hatua, yeye wala binti yake. Ofisi haikubisha kwamba mpiga ngoma ni Pacifique. Lakini kwa mujibu wa faili, mtu huyo alifariki, na marehemu hana haki ya kuomba. Ofisi ikishika upande wa pili, kwamba yu hai, basi kwa maelezo ya familia yenyewe, hadi mwezi wa kumi ameshafika Saint Paul mara thelathini na nne, na mwombaji lazima awe nje ya nchi muda wote wa maombi. Kwa vyovyote, faili limefungwa.

"Rudilia ile ya mara thelathini na nne," Perpétue alisema.

Héritière akarudia.

"Walihesabu vizuri," mama yake alisema, akaenda kuosha sahani. Maji yalitiririka muda mrefu kuliko sahani zilivyokuwa.

Ildephonse alikaa na barua mapajani. Halafu akaita kuelekea jikoni, "Mama Pacifique, njoo tumalize wa sita." Ilikuwa miaka saba tangu mtu amwite hivyo. Alikuja na mikono mibichi, akashika mwiko.

Nyimbo zilipokwisha, walichapa CD mia moja kwa ajili ya kanisa. Nyuma ya jalada yalitakiwa majina. Gitaa na sauti: Ildephonse. Sauti: Perpétue. Mitambo: Héritière. Walipofika kwenye ngoma walisimama. Héritière alisema, kwa Kiingereza, kwamba barua imesema hawatachukuliwa hatua, haikusema hawatatazamwa. Kuandika jina la marehemu kwenye kazi ya mwaka huu ni kuapa tena.

Wakampigia simu mwenyewe.

"Andikeni kompyuta," Pacifique alisema. "Si kitu. Kompyuta ni kazi muzuri, inakaa ndani, haipati mvua." Akacheka, akakohoa. "Ila herufi zisikuwe ndogo sana."

Perpétue ndiye aliyemwambia binti yake abofye. Ikaandikwa: *Ngoma: kompyuta.* Kwa herufi zilezile za wengine.

Jotham bado yuko Sioux Falls. Alipoteza kidole kimoja kwenye mashine, na anasema kwa ngoma hakina maana kubwa. Alisikia CD, akatuma ujumbe kwamba karani amejifunza.

Margaret aliacha ile ofisi mwaka 2018, akaenda kuuza miche ya maua. Bati lake bado liko juu ya friji.

Ildephonse aliumia goti kwenye sakafu ya ofisi Eden Prairie na sasa anapiga gitaa ameketi, kama alivyokuwa akipiga tangu mwanzo. Héritière ni muuguzi. Anaishi hukohuko Eden Prairie, ana gari, na kila Jumamosi anakuja Frogtown kubofya. Programu ilitoa toleo jipya, lisilo na vumbi. Hawakuliweka.

Mwenye nyumba aliandika barua ya tatu, kuhusu theluji nyekundu kwenye kibaraza. Perpétue aliijibu mwenyewe. Aliandika kwamba ni vumbi la mwanawe na atalifagia. Mwenye nyumba aliridhika.

Perpétue bado anafanya kazi Savage. Kanisani wanamwita Mama Héritière. Nyumbani wanamwita Mama Pacifique.

Pacifique yuko kambini Kigoma. Kwenye faili amekufa. Jumamosi anapiga ngoma Saint Paul kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili, mkono wa kushoto ukichelewa, halafu analala saa mbili zilizobaki kabla ya kwenda kupanga foleni ya maji.