Madumu ya Njano

Mimi sijui kutulia. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nikirusha mateke, na mkunga ndiye shahidi. Sasa oneni adhabu niliyojichagulia mwenyewe: ufundi cherehani. Miaka kumi na saba nimekaa kwenye kiti pale Buzuruga, karibu na stendi, nashona sare za shule na magauni ya sendofu za maharusi, miguu inakanyaga cherehani kutwa nzima na sifiki popote.

Nilipomzaa Queen nikaanza kulia. Kulia tu, bila msiba, bila ugomvi. Mume wangu, Masele, alinipeleka hospitali, akanipeleka kwa mchungaji, akaninunulia hadi televisheni. Wapi! Siku moja alfajiri nikavaa raba, nikakimbia hadi Kirumba na kurudi. Nikaoga, nikakoroga uji, na siku ile sikulia. Basi, nilianza hivyo, sina maelezo mengine.

Kukimbia kukaleta baiskeli, na baiskeli ikanirudisha ziwani. Mimi ni Mkerewe, nimekulia kisiwani, kuogelea nilijua kabla ya kusoma. Aliyeniingiza kwenye mashindano ni dada Savita, mwenye duka la dawa mjini, mama wa miaka hamsini na mbili mwenye subira ya kukera. Akaniambia kuna watu wanafanya vyote vitatu kwa mpigo: unaogelea, unatoka majini unarukia baiskeli, unashuka kwenye baiskeli unakimbia. Nikamuuliza, "Dada, hao wanafukuzwa na nani?" Alicheka mpaka akakaa chini. Wiki ile ile nikajiunga.

Huu ni mwaka wa nne. Jumamosi tunaendesha hadi Kigongo, tunavuka daraja, tunakunywa soda Busisi, tunarudi upepo ukitupiga usoni huku mimi natukana na Savita anajifanya hasikii. Katikati ya wiki tunaogelea. Dawa ya kichocho anatugawia yeye mwenyewe mara mbili kwa mwaka, na haondoki mbele yako mpaka umeze. Jamani, mimi naipenda asubuhi ile! Maji bado ya baridi, mnandi wamejipanga juu ya mawe wanakausha mabawa, mji wote umelala na mimi nipo katikati ya ziwa, hakuna anayeniuliza kama gauni lake limeisha.

Lakini nina wakwe.

Baba mkwe wangu ni Mzee Shimba, mvuvi wa Igombe. Kwa wakwe zangu, mke wa mtoto na baba mkwe hawasogeleani. Hatupeani mkono. Hatukai chumba kimoja. Akipita, nasogea, nikipita, anageuza uso. Akiwa na neno kwangu anamtuma mtu, hata kama nimesimama hatua tatu kutoka kwake. "Mwambieni mama Queen chumvi imezidi." Na mimi namsikia vizuri kabisa. Asije mtu akadhani ni chuki. Queen alipozaliwa, mzee alileta sato sita wakubwa, akawaweka mlangoni, akaondoka bila kubisha hodi. Ni heshima, na tumeishika miaka kumi na minne bila kukosea hata siku moja.

Sasa niambieni, mkwe wa namna hiyo anaingiaje ziwani na nguo ya kubana? Nguo yenyewe nimeishona mimi, kitambaa cheusi kinachovutika, mikono hadi kwenye viwiko, miguu hadi chini ya magoti. Nilijistiri kadiri ya uwezo wangu wote wa ufundi. Lakini nguo ya kuogelea ikilowa ni nguo ya kuogelea, hata ungeishona kwa blanketi.

Masele aliniwekea sharti moja tu, na hakuwa anatania. "Ogelea, endesha, kimbia, sikukatazi. Lakini siku baba akikuona umevaa hivyo, umemaliza. Sitakuwa na uso wa kukaa mbele yake." Nikakubali. Ningefanyaje? Niliogopa kurudi kwenye kile kilio, naogopa mpaka leo.

Mwaka huu mashindano yalipangwa ufukwe wa mjini, mbali na Igombe. Safi. Jumatano, siku tatu kabla, simu ikalia mezani. Upepo umesukuma magugu maji, ufukwe wote umefunikwa, mashindano yanahamia Igombe. Niliusoma ujumbe ule mara tatu, pini zikiwa mdomoni.

Savita akanipigia, akasema, "Mwaka huu usije, Modesta. Mwakani utakuja."

"Nisije? Miezi saba naamka saa kumi na moja, halafu nisije?"

Usiku ule sikulala, nikamgeuzageuza na Masele asilale. Mwishowe akakaa kitandani akapiga hesabu. Nyavu baba anatega jioni, anazitoa alfajiri, saa moja asubuhi yuko nyumbani, anakunywa chai, analala. Mashindano ni saa mbili. "Atakuwa anakoroma," akasema. "Nenda. Lakini mimi nitakaa kule zinakowekwa baiskeli, kule ziwani siendi, nisije nikakutana na mtu anayenijua." Mwanaume mzima, miaka arobaini na mitatu!

Jumamosi nikafika Igombe nimejifunga khanga mbili, moja kiunoni na moja kichwani hadi kwenye macho. Nikahesabu mitumbwi iliyovutwa mchangani. Mtumbwi wa mzee una ubavu wa bluu uliozibwa kwa bati, naujua. Haukuwepo. Nikahesabu tena. Haukuwepo. Usiku kulikuwa na upepo mkali, na kwa upepo wa hivyo mvuvi hawahi kutoa nyavu. Mungu wangu, nikajisemea, mzee bado yuko majini.

Msimamizi alikuwa amepanda juu ya kiti cha plastiki, anatoa maelekezo kwa kipaza sauti. Watu arobaini wamemzunguka, Savita yuko mbele kabisa ananyanyua kidole kuuliza maswali. Mimi sikusikia hata neno moja. Macho yangu yalikuwa ziwani yanatafuta ubavu wa bluu. Nikasikia tu "madumu ya njano," na kwa kichwa changu cha haraka nikaona inatosha. Fuata madumu ya njano. Kuna ugumu gani?

Filimbi ikapigwa. Nikazitupa khanga nikaingia majini mbiombio, kwa sababu ndani ya maji ndiko kulikokuwa na sitara. Nikaogelea kwa hofu, na hofu ina kasi, niwaambie ukweli. Sijawahi kuogelea vile. Nilipoinua kichwa kuangalia mbele, dumu la njano lile pale, limeelea. Nikalifuata. Mbele yake lingine. Nikalifuata. Mbele yake lingine tena, yamejipanga mstari mzuri. Nikajisifu, leo nawaacha wote, leo hata Masele atajuta kujificha.

Kwenye dumu la nne nikageuka kuangalia wenzangu wako wapi. Hapakuwa na mtu. Kofia zao nyekundu zilikuwa kulia kwangu, mbali, zinazunguka dumu lingine lenye bendera. Bendera! Na haya ya kwangu hayana bendera. Nikaelewa nilichofanya. Ziwa letu hili, kila mvuvi anafunga dumu la mafuta ya kula kwenye wavu wake asiupoteze. Mimi, mtoto wa kisiwani, mkwe wa mvuvi, nilikuwa nimeogelea kufuata nyavu za mtu kama mbumbumbu.

Nikageuka kwa hasira, na hasira ndiyo iliyoniponza. Nilipiga teke la nguvu, mguu wa kushoto ukaingia kwenye wavu. Nikauvuta, wavu ukakaza. Nikauvuta tena, ukapanda hadi kwenye goti. Nikanywa maji. Nikaenda chini kidogo, nikarudi, nikanywa mengine. Nilimfikiria Queen na sare yake ya Jumatatu ambayo sijaipiga pasi. Niliogopa kufa, sitawaficha, nikapiga kelele.

"Nani huyo kwenye wavu wangu?"

Ningependa kuwaambia sikuijua sauti ile. Niliijua. Ubavu wa bluu ukaja, bati na kila kitu, na Mzee Shimba amesimama mbele na mwenzake Paulo, mzee kama yeye, anapiga kasia nyuma. Mzee akaniangalia mara moja tu. Kisha akageuza uso, akaangalia upande wa Ukerewe, na hakuurudisha.

"Paulo," akasema, "mwambie mama Queen asirushe miguu. Akitulia, wavu utalegea."

Paulo akainama. "Anasema usirushe..."

"Nimesikia!" nikafoka, nikanywa maji tena.

Nikatulia. Mimi, nikatulia! Nikashika ukingo wa mtumbwi kwa vidole, lakini wavu haukulegea, ulikuwa umekwisha kunizunguka mara tatu na mawe yake yananivuta chini. Paulo akajaribu kunifikia, mtumbwi ukayumba, wimbi likaingia ndani. Angeacha kasia, mtumbwi ungenipanda kichwani. Nikamwona anamwangalia mzee, na mzee anaangalia Ukerewe.

Halafu mzee akatoa kisu. Akapiga magoti, akaingiza mkono majini huku uso umegeuka kule kule, akapapasa mpaka akanishika kifundo cha mguu. Miaka kumi na minne hajawahi kunigusa hata kidole. Mkono wake ulikuwa mgumu na wa moto kuliko maji. Akakata wavu kwa kupapasa, uzi mmoja baada ya mwingine, polepole asije akanikata. Wavu mpya ule, alikuwa amemaliza kuushona mwezi huo, Masele alinisimulia. Nilikuwa nalia. Sijui kama ni kwa woga au kwa aibu, nadhani vyote, na machozi ndani ya ziwa hayaonekani lakini kwikwi zinasikika.

Mguu ukatoka. Mzee akauachia pale pale.

"Muulize anapanda au anaendelea."

Paulo alishachoka na hii kazi ya ukalimani, akaniangalia tu. Nikaangalia ufukweni. Nikipanda, watu wote wataona mkwe amekaa na baba mkwe wake mtumbwi mmoja na nguo ile. Lakini niseme kweli, siyo hilo lililoamua. Kwa Masele nilikuwa nimeshamaliza, hii ndiyo ingekuwa mara yangu ya mwisho, na mara ya mwisho nilitaka niimalize kwa miguu yangu.

"Naendelea."

"Mwambie basi ya mashindano ni yale yenye bendera," akasema mzee.

Nikaogelea. Nilitoka majini wa mwisho, Savita ameshapotelea barabara ya Kayenze. Masele alipoona mistari myekundu ya wavu kwenye mguu wangu akauliza, nami nikamweleza nikiwa navaa kofia ya baiskeli. Aliishika ile baiskeli kama anataka kuizuia isiende, halafu akaiachia. Nikaendesha nikilia, nikakimbia nikilia, nikamaliza wa pili kutoka mwisho, na wa mwisho alikuwa anaumwa goti.

Jioni simu ya Masele ikaita. "Ndiyo, baba. Sawa, baba. Wote?" Tukaitwa kesho yake, mchana. Nyumbani nikaifua ile nguo nyeusi, nikaikunja, nikaiweka juu ya kabati nyuma ya masufuria ya shughuli. Masele aliniona nikifanya hivyo, akatoka nje.

Jumapili, Igombe. Mimi nikaingia jikoni kwa mama mkwe, kama kawaida. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu," akanipa vitunguu nikate. Nilikata vitunguu vya kutosha harusi. Nikasimama, nikakaa, nikasimama tena. Dirisha lilikuwa wazi, na nje chini ya ukuta Mzee Shimba amekaa kwenye kigoda, wavu uliokatwa umetandazwa magotini, anaziba lile tundu. Masele amekaa mbele yake, mikono katikati ya mapaja kama mwanafunzi.

Wakaongea habari za upepo. Wakaongea habari za ng'ombe wa mjomba. Wakaongea bei ya uzi. Jamani, nilitaka kupiga kelele!

Mwishowe Masele akaingia kwenye jambo lenyewe. "Baba, kuhusu jana. Mama Queen..."

"Alimaliza?" mzee akauliza.

"Alimaliza, baba."

Mzee akavuta uzi, akaukata kwa meno. Hakuangalia dirishani.

"Muulize anaogelea siku gani tena na upande gani, nisitege huko."

Masele akanyanyua kichwa, akaniangalia dirishani.

"Mama Queen," akasema, "baba anauliza..."

"Jumanne," nikajibu, na kisu kikaniponyoka. "Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi. Upande wa mawe."

Mzee Shimba akatikisa kichwa kukubali, akaendelea kuziba wavu wake.