Mate ya Argyro

Ufukwe wa Ayia Marina, katika kisiwa cha Limnos, ni ufukwe wa wenye watoto. Maji yake ni ya kina kifupi, mtu hutembea ndani yake kitambo kirefu kabla hayajamfika kifuani. Hauna mawimbi wala mawe, na upepo ukivuma huwa umekwisha nguvu milimani. Kila Jumapili ya kiangazi familia nzima nzima hushuka pale na mikeka, miavuli, nyanya zilizojazwa wali, na mabibi zao.

Mabibi hawaogelei. Huvaa kofia pana za majani, wakaingia mpaka kifuani, wakasimama duara na kusengenya mpaka njaa iwatoe. Mwanamke aliyeitwa katika duara lile amekuwa mtu. Asiyeitwa hubaki nchi kavu kulinda viatu.

Argyro alilinda viatu tangu alipoolewa na Stamatis, kwa sababu hakuzaa. Mama mkwe wake, Kalliroi, hakumtukana kwa hilo hata siku moja. Alimwambia tu, kila palipokuwa na kitu kizito cha kubebwa, "Beba wewe, mwanangu. Mwili wako bado mpya."

Lakini kiangazi kile Argyro alishuka ufukweni kichwa juu. Wifi yake Fotini, dada wa Stamatis, alikuwa amejifungua mtoto wa kike majira ya baridi. Uzazi ulikuwa mgumu, na aliyemshika mkono mpaka mwisho alikuwa Argyro. Pale pale kitandani Fotini alimwahidi kwamba yeye ndiye atakuwa mama wa ubatizo.

Ahadi hiyo haikuwa ndogo. Mtoto wa kule hana jina mpaka abatizwe. Huitwa "bebe" tu, hata kama ameota meno, hadi siku ambayo mama wa ubatizo atasimama mbele ya padri na kulitamka jina lake kwa sauti. Jina lenyewe lilijulikana, lingekuwa la bibi yake, Kalliroi. Lakini kinywa cha kulitamka kilikuwa cha Argyro, na kuanzia hapo mtoto angekuwa wake pia, mbele ya Mungu na mbele ya watu. Ubatizo ulikuwa umebakiza wiki moja. Gauni jeupe, viatu na mshumaa vilikuwa tayari nyumbani kwake, na kila asubuhi aliufungua mlango wa kabati avitazame.

Jumapili hiyo Fotini alimpa mtoto amshike wakati wakitandika mikeka. Mtoto akamcheka. Argyro akamwinua juu, akasema, "Mtazameni alivyonona! Limnos nzima hakuna mzuri kama huyu." Kisha akambusu shavuni, na mdomo ukasahau kazi yake.

Maana mtoto hasifiwi hivi hivi. Anayemsifu hutema papo hapo, ftu, ftu, ftu, mate ya hewa tu, ili jicho baya lisipate pa kushika. Hata mlevi hutema. Argyro mwenyewe alikuwa ametema maisha yake yote, kwa watoto wa watu wengine, bila kukumbushwa. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, alikuwa amemsifu mtoto aliyemwona ni wake, na alimbusu kama mama anavyobusu.

Wanawake waligeuza vichwa. Kalliroi akatema kwa niaba yake, taratibu, akimtazama yeye badala ya mtoto.

"Msimlaumu," aliwaambia wenzake. "Hajawahi kuwa na cha kulinda."

Wakacheka, wakavaa kofia zao, wakaingia majini. Fotini naye aliitwa, sasa kwa kuwa ni mama. Aliuliza nani atabaki na mtoto, na Kalliroi akasema mwacheni ndani ya kikapu chini ya mwavuli, yeye angemwona kutoka majini, macho yake yalikuwa yanafika mpaka Uturuki. Argyro alitumwa mgahawani kushika meza na kuagiza pweza, kwani Jumapili asiyewahi hula amesimama.

Alisubiri sana. Aliporudi, kivuli cha mwavuli kilikuwa kimehama upande wa pili, na kikapu kimebaki juani. Mtoto alikuwa mwekundu kama pilipili, midomo imekauka, na halii. Majini kofia zilikuwa zikitikisika kwa kicheko. Argyro alikiburuta kikapu kivulini, akalowesha kitambaa kwa maji ya chupa, akampangusa kichwa na kifua. Hapo ndipo mtoto alipotapika na kupiga yowe, na kofia zote zikageuka.

Walifika wakichuruzika maji. Walichokiona ni Argyro amemwinamia mtoto anayelia.

Alieleza kwa sauti ya chini kwamba jua lilikuwa limemfikia. Kalliroi alimwuliza jua gani, mbona kikapu kiko kivulini. Argyro akasema amekisogeza yeye. Mwanamke mmoja akadakia kwamba loo, kumbe amekisogeza. Kalliroi alisema amelea wanne chini ya jua hilo hilo na hakuna aliyeungua, kisha akaomba sahani ya maji na chupa ya mafuta ya zeituni.

Kila mtu alijua kitakachofanyika. Tone la mafuta likielea zima, mtoto ni mgonjwa wa kawaida. Likitawanyika, ametiwa jicho. Kalliroi alinong'ona maneno yake, akapiga msalaba, akadondosha tone, likatawanyika. Mkono ulioshika sahani ulikuwa ukitetemeka, na mafuta yakitikiswa hutawanyika, lakini nani angemwambia hivyo mwanamke wa umri ule?

"Haya," alisema. Akamwaga, akatia maji safi kidogo kwenye kikombe cha kahawa, akamnyooshea mkwe wake. "Tema humu."

Argyro alikitazama kikombe. Dawa ya jicho ni mate ya mwenye jicho. Akitema, amekiri. Akikataa, amemnyima mtoto dawa mbele ya ufukwe mzima, maana watu wa miavuli ya jirani walikuwa wamekwisha kusogea.

"Mama, sikumtazama kwa ubaya."

"Nani kasema kwa ubaya? Jicho halimwombi mtu ruhusa. Tema."

Alimgeukia mume wake. Stamatis alikuwa chini ya mwavuli wa pili akicheza tavli, mchezo wa ubao na kete, na shemeji yake, dadu mkononi. Hakuinua kichwa.

"Tema, mwanamke," alisema. "Pweza anapoa."

Fotini alikuwa amemkumbatia mtoto huku akilia. "Wifi, kama unampenda, tema."

Argyro akatema. Kinywa kilikuwa kikavu, hakikutoa kitu, ikabidi ajaribu tena na tena, na mtu mmoja nyuma akaanza kucheka. Kalliroi alichovya kidole, akampaka mtoto paji la uso na kidevu. Wakati huo mtoto alikuwa amekwisha kukaa kivulini muda wa kutosha, kitambaa cha maji kichwani, na mama yake amempa ziwa. Akanyamaza, akalala. Alipoamka alikuwa akichezea vidole vyake.

"Mmeona," alisema Kalliroi.

Waliona wote.

Mezani, pweza akiwa amekwisha kukatwa, Kalliroi alisema kwa upole kwamba wamezungumza, na mama wa ubatizo atakuwa binamu yao Evanthia wa mjini Saloniki. Argyro aliweka uma chini. Alimwambia Fotini, si Kalliroi, kwamba ahadi ilikuwa yake.

Fotini alikuwa akitazama sahani. "Nitamweka vipi mikononi mwako, wifi? Umetema, na amepona."

"Wewe ndiye uliyeniambia niteme kama nampenda."

"Ndiyo. Ungekataa, pengine ningekuamini."

Kalliroi akakumbuka jambo. Evanthia angefika Jumamosi na meli ya jioni, hatakuwa na nafasi ya kuzunguka madukani. Na gauni lilikwisha kununuliwa kwa kipimo cha mtoto, ingekuwa dhambi likae kabatini. Argyro angelileta kesho, pamoja na mshumaa?

"Atalileta," Stamatis alijibu, akimega mkate.

Mtoto, juu ya goti la mama yake, alimwona Argyro. Akanyoosha mkono wenye mate, akacheka kwa fizi zote. Meza nzima iliacha kutafuna. Walimtazama Argyro mdomoni, wakingoja.

Argyro alikuwa na jambo la kumwambia mtoto yule, lilimfika mpaka kwenye meno. Akalimeza, akageuza uso pembeni, akatema mchangani mara tatu, ftu, ftu, ftu, kwa adabu, kama inavyotakiwa. Fotini akamhamishia mtoto kwenye goti la pili, mbali naye. Kisha Stamatis akaita waletewe tikiti maji.