Koti la Maiki

Nyumbani kwa Pindo hakuna kitu kinachokaa uchi. Televisheni ina shela ya kitambaa cheupe kilichotariziwa pembeni, redio ina koti la mistari, mtungi wa gesi jikoni umevishwa sketi ya marinda, na rimoti, ambayo haijawahi kumkosea mtu, imeshonewa mfuko wenye kifungo. Mama yake, bibi mkavu wa mwili na mwepesi wa ulimi, husema anaogopa kulala mchana asije akaamka ameshachukuliwa vipimo. Pindo hajali. Yeye ni fundi cherehani, baba yake alikuwa fundi cherehani, na kwao kitu unachokipenda unakivisha.

Sasa, tuseme ukweli, alichokipenda kuliko vyote ni sauti ya mkewe, na sauti haishonewi nguo. Angekumbuka hilo mapema, hadithi hii ingekuwa fupi.

Mkewe, ambaye mtaa mzima unamwita Mwalimu, husoma masomo ya watoto redioni. Kila kipindi huanza vilevile: "Hamjambo, wanafunzi?" Halafu hunyamaza kidogo, ili watoto huko waliko wapate nafasi ya kuitikia. Pindo naye, kibarazani, mguu juu ya pedeli ya cherehani, huitikia kwa adabu zote, "Hatujambo, Mwalimu!" Huitikia hata siku waliyoamka wamenuniana. Mwalimu hakuwa na habari, maana kipindi kikirushwa yeye huwa njiani kwenda studio. Aliyejua ni mama peke yake, na mama alikuwa ameliweka hilo akiba.

Basi studio ikahamishwa. Ilihamia mji mwingine, safari ya kutwa nzima kwa basi, na bosi akampa Mwalimu machaguo mawili. Ama ahame nayo, ama arekodi nyumbani na kutuma kazi kwa mtandao, mradi fundi mitambo wa studio aipitishe sauti yake. Mwisho wa kutuma sampuli ni Ijumaa. Ikikataliwa, Jumatatu awe kazini kule.

Kuhama wote haikuwezekana. Miguu ya mama haikuwa ya safari tena, na wateja wa Pindo walikuwa wa mtaa huo huo, waliozoea kuja na kitambaa mkononi na malalamiko mdomoni. Kwa hiyo sauti ikikataliwa, mke kule, mume huku. Pindo alisema, "Tutaweza tu, usiwe na wasiwasi," huku akipitisha uzi pembeni mwa tundu la sindano.

Maiki walikuwa nayo. Studio ilipohama ilimwachia Mwalimu maiki moja ya zamani, nzuri, nzito mkononi. Iliyokosekana ni kadi ya sauti, kile kisanduku kinachokaa kati ya maiki na kompyuta, kikapokea sauti huku na kuipitisha kwa waya wa USB kule. Wakaibeba, wakaongozana hadi duka la vifaa vya muziki.

"Mnataka kadi ya sauti ya nini?" muuzaji akauliza. "Ya bendi, au ya kupiga soga mtandaoni?"

"Ya mke wangu," Pindo akasema.

Muuzaji akamtazama Mwalimu, kisha akaanza kushusha maboksi. La kwanza lilikuwa pana kama sinia, matundu manane ya maiki, vitufe hadi kwenye kona. La pili lilikuwa na taa za rangi zinazopepesa, na bei yake ilikuwa ya kutamanisha. Pindo akabonyeza kitufe kimoja na boksi likaangua kicheko, duka zima likageuka.

"Hiki kinanicheka mimi," Mwalimu akasema. "Watoto watadhani mwalimu wao kalewa."

"Halafu maiki yenu hii hakitaiweza," muuzaji akakiri. "Inataka ilishwe umeme na kadi yenyewe, volti arobaini na nane. Hiki hakina. Mkiichomeka hapa itakuwa bubu."

La tatu lilikuwa kisanduku kidogo cha chuma, cha kukaa kiganjani. Tundu moja la maiki, tundu moja la hedifoni, kitufe cha hizo volti, na kirungu cha kuzungusha kuongeza sauti. Hakikuwaka taa wala kucheka. Pindo alikigeuzageuza kama anavyogeuza kitambaa kutafuta upande wa nje.

"Wanaoongea ni wangapi?" akauliza.

"Si mimi tu?" Mwalimu akajibu.

"Basi hilo la matundu manane la nini? Simshonei mtu mmoja shati la kola nane."

Muuzaji akachomeka maiki, akamvisha Pindo hedifoni, akazungusha kirungu hadi juu na kuwaomba wote wanyamaze. "Sikiliza kimya," akasema. "Kadi mbovu utaijua mtu akiwa haongei. Mvumo wake ukiwa mkubwa sasa hivi, utamfuata mkeo hadi ndani ya maneno." Pindo akasikiliza. Kilichosikika ni kimvumo hafifu tu, cha mbali. Kisha Mwalimu akasema, "Hamjambo, wanafunzi?" na sauti ikaingia masikioni mwa Pindo, ya karibu, safi, hadi akameza jibu lililokuwa limeshafika kwenye meno.

Wakanunua kile kidogo. Muuzaji akawaambia kisipowafaa wakirudishe ndani ya wiki, waongeze hela, wachukue kikubwa.

Hapo ndipo balaa lilipoanza, na lilianza kwa nia njema. Fundi mitambo wa studio, mtu wa maneno machache, alikuwa amemwonya Mwalimu kwenye simu kwamba maiki ilindwe na vumbi, tena ilindwe na pumzi, kwa sababu maneno yenye "p" na "b" huipiga upepo. Pindo alisikia neno moja tu, "ilindwe," akaketi kwenye cherehani. Alitumia kipande cha kitambaa kizito cha suti, akatia bitana, katikati ya kitambaa na bitana akaweka sponji, akamalizia kwa kola na vifungo. Maiki ikavaa ikakaa pale mezani kama bwana harusi mfupi.

"Limependeza," mama akasema. "Sasa mtafutieni mchumba."

Mwalimu alicheka, akambusu mumewe shavuni. Studio nako aliziona maiki zikivishwa vikofia vya sponji, kwa hiyo hakuona kasoro. Alirekodi, akatuma, na jioni ile ile simu ikalia.

"Mwalimu, sauti iko mbali," fundi mitambo akasema. "Imezibwa, haina uhai. Nikiivuta juu inakuja na mvumo. Hii siwezi kuipitisha."

Wakahangaika. Waliegemeza magodoro dirishani, wakazima friji, wakahamia kwenye kabati la nguo, Mwalimu akasoma somo la hesabu huku shati la Pindo likimpapasa uso. Walizungusha kirungu hadi kikagoma, na kila sauti ilipopanda mvumo ulipanda nao. Wakatuma tena. Jibu likawa neno moja: "Bado."

Pindo hakuwa na shaka mchawi ni nani. Alikikazia macho kile kisanduku cha chuma kama anayemtazama mteja aliyekimbia na suruali. Kidogo, cha bei nafuu, tundu moja. Alijilaumu kwa mkono wake wa birika. Mchana akamwambia mkewe kwamba atauza mashine yake ya ovaloki, wakachukue lile boksi kubwa.

"Uuze ovaloki?" Mwalimu akashika kiuno. "Nguo za watu utazimalizia kwa meno? Mimi nina bendi gani ya kuhitaji matundu manane?"

"Basi tufanyeje?"

Mwalimu alipanda kwenye kiti, akateremsha sanduku la safari kutoka juu ya kabati, akaanza kulifuta vumbi. Hilo nalo lilikuwa na kifuniko chake, cha maua, na Pindo alipomwona akikikunja pembeni, aliogopa waziwazi, kama mtoto. Nyumba ile bila sauti ya Mwalimu ilikuwa mavazi matupu tu.

Lakini mke akienda kazi mpya hawezi kwenda na gauni lililopauka. Pindo akapiga moyo konde, akamkatia gauni. Alishona, akafumua, akashona tena, mama akamwambia kwa gauni hilo safari itakuwa ya mwakani. Alhamisi mchana likawa tayari kwa kupimwa. Kitambaa kizito, bitana ndani, zipu mgongoni. Mwalimu akainua mikono, Pindo akalishusha gauni kichwani, na hapo zipu ikakwama. Kichwa cha Mwalimu kikabaki humo ndani, mikono ikipunga hewani.

"Fundi! Umenichoma na pini!" akapiga kelele kutoka ndani. "Nitoe, nakosa hewa!"

Pindo akasimama kama aliyepigwa shoti.

"Sema tena."

"Niseme nini? Nitoe!"

"Sema hamjambo wanafunzi."

Gauni likatikisika kwa hasira. "Wewe Pindo, umerukwa na akili?"

Ilikuwa sauti ile ile. Ya mbali, imezibwa, haina uhai. Ile ile aliyokuwa akiisikia kwenye hedifoni wiki nzima. Tena alikuwa ameisikia maisha yake yote, kwa kila mteja aliyewahi kulalamika huku nguo ikiwa kichwani, na asiitambue. Alimwacha mkewe pale pale, mikono juu, akakimbilia chumbani.

"Mama!" Mwalimu akaita ndani ya gauni. "Mwanao kaenda wapi?"

"Kakimbia," mama akajibu kutoka kwenye kiti chake. "Tulia, mwanangu, ukikimbia nawe utagonga mlango."

Mwalimu alipojinasua na kuingia chumbani, gauni likiwa limekaa begani upande mmoja, alimkuta mumewe ameketi sakafuni. Maiki ilikuwa mezani, uchi kwa mara ya kwanza. Koti lilikuwa mikononi mwake.

"Ni mimi," Pindo akasema. "Kitambaa cha suti, bitana, sponji. Nimekuziba mdomo kwa mikono yangu mwenyewe, halafu namlaumu huyu maskini wa chuma. Nusura nikupoteze kwa sababu ya bitana."

Na akalia, bila kuficha. Mwalimu alilitazama lile koti, kola yake, vifungo vyake vilivyoshonwa kwa uzi wa rangi inayooana, akaanza kucheka. Alicheka hadi akaketi sakafuni naye, akamfuta mumewe machozi kwa pindo la gauni la safari.

"Inuka," akasema. "Leo bado Alhamisi."

Pumzi bado ilikuwa tatizo, na sasa Pindo aliitazama kwa akili ya kazi yake. Alichukua fremu ya kutarizia, ile duara ya mbao, akatandaza juu yake kipande cha soksi ya kike ya nailoni, nyepesi ya kuona upande wa pili, akaisimamisha baina ya mdomo wa Mwalimu na maiki. Upepo uzuiwe, sauti ipite. Kirungu cha kile kisanduku akakirudisha nyuma, maana safari hii hakukuwa na haja ya kuvuta chochote. Kisha akatoka, akafunga mlango, akaketi nje yake na suruali ya mteja akiipiga pindo kwa mkono, kwa kuwa cherehani ingepiga kelele, na Mwalimu akarekodi na kutuma jioni ile ile.

Ijumaa hakuna kazi iliyofanyika ya maana. Pindo alishona mkono wa kushoto kwenye bega la kulia, akafumua, akashona kola juu chini. Simu ilipolia, Mwalimu aliiweka mezani kwa sauti ya wazi, wote watatu wakainama juu yake.

"Mwalimu," fundi mitambo akasema. "Mmenunua kadi nyingine?"

"Hapana. Ni ile ile."

"Basi sijui mmefanya nini, lakini ni safi kabisa. Nimeipitisha. Baki huko huko nyumbani kwako."

Pindo alishika ukingo wa meza. Mwalimu alifumba macho.

"Ila kuna jambo dogo," sauti ikaendelea, na wote wakaganda tena. "Hiyo kadi yenu inanasa kila kitu. Pale mwanzo, ukisema hamjambo wanafunzi, ukinyamaza, kuna mwanaume anaitikia kwa mbali. 'Hatujambo, Mwalimu.' Rudia hapo tu. Na huyo bwana mwambie anyamaze."

Simu ikakatwa. Mwalimu akamgeukia mumewe polepole. Pindo alikuwa akichunguza kucha zake.

"Ulikuwa unaniitikia?"

"Nimezoea," akanong'ona.

"Umezoea vipi?"

"Kila asubuhi," mama akadakia, akiitoa ile akiba yake. "Miaka yote hiyo. Hata siku mliyonuniana. Tena huacha kushona kwanza."

Mwalimu alikwenda kulirudisha sanduku juu ya kabati, akalivisha kifuniko chake cha maua, na aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akamshika Pindo mkono, akamwingiza chumbani, akamkalisha kwenye kiti kando yake. Akabonyeza kitufe, akaisogelea fremu.

"Hamjambo, wanafunzi?"

Akanyamaza, akimtazama. Pindo akachukua lile koti la maiki, akajiziba nalo mdomo kwa mikono miwili, akaitikia humo humo ndani kwa nguvu zake zote. Kwenye rekodi hakikusikika kitu.