Msizime Gari

Kazi yangu ni kuvuta magari yaliyokwama. Nna gari la kubebea na winchi, na watu wa Maskati wakizama mchangani au wakijitia wadi, ile mito mikavu inayojaa ghafla, wakati wa mvua, mimi ndiye wanayempigia. Kwa hiyo Ijumaa ile, tumo katika kula, binti yangu Ruba alipopiga kutoka Aislandi na kusema wamekwama, sikushtuka. Niliiweka simu mezani, sauti juu, nikaendelea kutafuna.

"Mmekwama wapi?"

"Sijui, Baba. Njiani. Upepo umetusukuma, gari imeingia ubavu kwenye theluji. Upande wa Humam mlango haufunguki kabisa. Saa nne asubuhi huku na bado kiza."

Kwetu Al Khoudh ilikuwa saa nane mchana na jua linawaka.

Humam ni mumewe. Walioana Novemba. Watu wengine fungate wanakwenda Unguja. Yeye alitaka kuizunguka nchi ya barafu na milima ya moto, kwa gari, mwezi wa Januari. Wiki nzima walikuwa wakituletea picha: ardhi inafuka moshi kama chungu kilichofunuliwa, maporomoko ya maji yameganda yananing'inia, mawe meusi kama ya njia yetu ya Qurayyat ila yamefunikwa weupe. Mke wangu, Nasriya, kila picha alikuwa na swali moja tu: "Kavaa soksi?"

"Watu wa uokozi mmewapigia?" nikauliza.

"Tumewapigia. Wanakuja, lakini wamesema itachukua muda. Na wao hawaoni njia."

Humam akaingilia. "Ammi, mimi naona kama taa kule mbele. Tushuke tutembee?"

"Taa gani! Hebu kaa hapo. Gari haliachwi, ndugu yangu. Ukitoka hapo utakwenda kufa na taa yako."

"Sawa, ammi."

"Haya, nisikilizeni. Msishuke. Fungeni vioo vyote, washeni hita mpaka mwisho, na msizime gari. Mafuta yapo?"

"Nusu tangi."

"Yanatosha. Laleni."

"Sheikh wa majangwa keshasema," Ruba akasema, na nikamsikia Humam anacheka.

"Chekeni tu. Nani kawavuta shangazi zako kule mchangani, na magauni yao ya harusi?"

Mtandao ukakatika. Nikarudi kwenye pilau.

Lazima nieleze kitu. Hapa kwetu gari halizimwi. Mtu anaingia dukani kununua mkate, gari linanguruma nje na ubaridi wake wa kiyoyozi. Ukitaka chai hushuki. Unasimama mbele ya mkahawa, unapiga honi, unaletewa dirishani. Mwezi wa sita ukizima gari ukakaa ndani unajipika mwenyewe. Kwa hiyo neno lile lilinitoka kama mtu anavyoitikia salamu.

Nasriya alikuwa ameacha kula. "Una yakini?"

"Bibi, hii si ndiyo kazi yangu?"

"Kazi yako mchanga," akasema.

Hatujamaliza kunawa mikono honi ikalia nje. Ni Bakhit, jirani yangu, mstaafu wa ofisi ya ndege. Bakhit hagongi mlango. Anapiga honi mpaka utoke. Nikatoka. Alikuwa amerudisha gari kinyumenyume mpaka ukutani, pale nilipomwagiwa mchanga wa kujengea, ili apate kivuli.

"Njoo ukae ndani, yakhe, kuna ubaridi," akaniita.

"Gari lako linakohoa."

"Zee hilo, kama mwenyewe."

Nikazunguka nyuma. Bomba la moshi lilikuwa limejichimbia kwenye ule mchanga. Moshi ulikuwa hauna pa kwenda, unarudi chini ya gari.

Nikasimama pale. Nililiona kichwani gari la Ruba, theluji inalipanda kwa nyuma, bomba limezibwa, na wao ndani wamefunga vioo vyote kama nilivyowaambia. Ule moshi hauna huruma. Haukuamshi, unakulaza kwanza. Na mimi niliwaambia walale.

"Bakhit, zima gari!"

"Kuna nini?"

"Zima!"

Nikapiga simu. Haipatikani. Ya Humam, haipatikani. Nikatuma sauti: "Ruba, zimeni gari. Fungueni dirisha. Futeni theluji nyuma kwenye bomba." Alama moja tu ya kijivu, maana yake haijafika. Nikatuma tena. Alama moja.

Shule niliiacha mapema, na Kiingereza changu ni cha majina ya vipuri. Bakhit ndiye aliyetafuta nambari ya uokozi ya kule na kuzungumza nao. Nilikuwa nikimtazama mdomo.

"Anasema wanaijua hiyo gari," akaniambia. "Kikosi kiko njiani. Na wao hawawapati kwa simu."

"Mwambie bomba limezibwa!"

"Nimemwambia."

"Mwambie tena! Mwambie wakimbie!"

"Nimemwambia, yakhe. Anasema tusubiri."

Nasriya alikuwa kasimama mlangoni, keshasikia yote. Hakunilaumu. Alichukua simu yake akarekodi sauti yake: "Ruba, mama, fungua dirisha. Fungua, mama." Akaitazama ile alama moja, akaanza kusoma Yasini kwa sauti ya chini.

Sikuweza kukaa pale. Nilikwenda kwenye gari langu la kuvutia, nikapanda, nikaliwasha. Waya wa winchi upo, minyororo ipo, tangi limejaa. Mtu akipiga simu kutoka mwisho wa jangwa nakwenda. Mikono ilikuwa kwenye usukani na hakuna barabara ya kwenda. Nikalizima. Nikakaa ndani, vioo vimefungwa, jasho linanitiririka, mpaka Nasriya alipokuja mbio na simu.

"Kapiga! Kapiga!"

"Ruba!"

"Baba." Sauti yake ilikuwa nzito, kama ya mtu aliyeamshwa. "Nilisikia kutaka kutapika. Nikafungua mlango wangu, nikaangukia nje kwenye theluji. Nikamwita Humam, haitiki. Nikamvuta, Baba, siwezi, mzito. Nikazima gari. Nikaacha mlango wazi, nikakaa namwita mpaka wakaja."

"Yuko wapi?"

"Hapa, ndani ya gari yao. Wamemfunika kitu cha hewa usoni. Anapumua. Macho hafungui."

"Mimi ndiye niliyekwambieni msizime."

"Najua, Baba."

Nilisikia upepo wa kule unapiga bati, na mtu anasema maneno nisiyoyajua.

"Baba, sasa nifanye nini?"

Tangu ana miaka mitano ananiuliza hivyo na mimi namjibu.

"Sijui, mwanangu," nikasema. "Wasikilize hao walio nawe. Usinisikilize mimi."

Nasriya aliichukua simu mkononi mwangu, akaiweka sikioni.

"Ruba, mama," akasema. "Umevaa soksi?"

Ndipo Ruba alipoanza kulia.