Mwenzake Chewa

Ridha alipopata kazi Maskati, alimwachia mama yake, Bi Mardhiya, tangi la kioo lenye maji ya bahari, na ndani yake chewa mmoja. Tangi lilikuwa limeshika ukuta mzima wa sebule ya nyumba yao ya Wesha. Baba alikuwa keshafariki, na dada yake Asya kaolewa Unguja, kwa hivyo nyumbani akabaki Bi Mardhiya na samaki.

Mwanzo hakumpenda. Alimwona kanuna kama mtu aliyenyimwa haki yake. Lakini kila akitoka jikoni chewa alisogea kiooni kumtazama, na hapakuwa na mwengine nyumbani mule wa kumtazama akipita.

Akamwomba Jaribu, mvuvi aliyekuwa akimletea maji ya bahari kwa madumu, amtafutie chewa mwenzake, maana kushinda peke yake si jambo zuri. Jaribu alimwangalia kidogo, akakusanya madumu yake akaondoka. Kesho yake akaleta visamaki vitatu vya rangi, vizima, ndani ya ndoo. Bi Mardhiya alivifurahia mpaka Magharibi. Alipomaliza kuswali akakuta tangini yumo chewa tu, tumbo limemtuna.

Alimpigia Ridha kwa wasiwasi. Ridha alicheka mpaka akakohoa. Akamweleza kuwa chewa humeza chochote kinachoenea kinywani mwake, kwa hivyo mwenzake lazima awe na umbo la kutomezeka. Kutoka hapo wakaingia kwenye mambo mengine, na siku ile walizungumza kuliko siku yoyote tangu aondoke.

Safari ya pili Jaribu alileta kikande, mnene, karibu sawa na chewa. Huyo hakumezeka, lakini alikuwa na meno na ugomvi. Alimng'ata chewa mapezi yakachanika, akamsukumia nyuma ya jiwe, na chewa akagoma kula. Siku hizo Ridha alipiga asubuhi na jioni. Alimtaka mama yake aelekeze simu tangini amwone mgonjwa, akamwagiza amtoe kikande, abadilishe maji, akate pweza vipande vidogo vidogo. Bi Mardhiya alifanya yote. Akawa anakula chakula chake pale pale mbele ya tangi, simu kaiweka karibu na sahani, akijua itaita.

Chewa alipopona, Ridha akasema sasa watafute kangaja mkubwa: anakula mwani, hagombei nyama, na mkiani ana mwiba wa kujilinda. Jaribu akampata. Kwanza walimtenga kwa wavu, samaki wazoeane kwa macho, na mawe wakayapanga upya ili chewa asijione mwenye nyumba. Wavu ulipotolewa, chewa alimwendea mgeni kwa kasi. Kangaja akageuza mkia, na chewa akarudi pangoni kwake. Basi. Tangu hapo kila mmoja akashika njia yake.

Ridha aliandika, "Alhamdulillahi, mama." Kisha hakupiga tena.

Bi Mardhiya alijiambia mwanawe ana kazi nyingi. Alimpigia mara mbili, simu ikaita mpaka ikakatika. Mvua za masika zikaanza, zikaisha. Siku moja Jaribu alipoleta maji, Bi Mardhiya akamwambia, bila kumtazama, amletee tena kikande.

Jaribu akauliza kama kangaja amekufa.

"Mzima," alijibu.

Kikande akaja, akigonga ndoo kwa mkia. Jaribu alipotoka kwenda kufuata dumu la mwisho, Bi Mardhiya akaiinua ndoo mpaka ukingoni mwa tangi. Chewa alikuwa mlangoni mwa pango lake, mapezi yameshaota, na kangaja yuko juu anatafuna mwani. Akaitazama simu isiyoita, kisha akayatazama tena mapezi ya chewa. Akaishusha ndoo chini na kukaa karibu yake sakafuni.

Jaribu alimkuta hapo. Bi Mardhiya akamwomba amrudishe kikande baharini.

"Vyema, Bi," alisema, akaichukua ndoo.

Baada ya Alasiri Bi Mardhiya akapiga simu Maskati. Safari hii Ridha alipokea upesi, sauti ina hofu.

"Kuna nini, mama? Samaki wamekufa?"

"Samaki wako wazima. Nimekupigia mimi."

Ridha akasema yuko kazini, atapiga Ijumaa, Inshaallah.

Ijumaa alipiga kweli, baada ya swala. Alimuuliza amekula nini. Bi Mardhiya akamwambia muhogo wa nazi, akamtajia na jirani aliyezaa, na bati la jikoni lililokuwa likivuja. Ridha akasema huko joto kali. Baada ya hapo maneno yakawaishia wote wawili. Bi Mardhiya alisikia magari ya mji asioujua yakipita nyuma ya pumzi za mwanawe. Akaisogeza simu karibu zaidi na sikio, akasubiri, na Ridha naye hakukata.